Mzabuni wa taka analipwa kwa tani inayofika dampo. Huo uchumi wa mzunguko utatokea wapi?

#1 KaratasiYaMizani

Salaam wadau.

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, viongozi wanapanda jukwaani na kutuambia wananchi tubadilike, tutenganishe taka ili tujenge uchumi wa mzunguko, yaani kilichotumika kirudi kuwa malighafi badala ya kuishia dampo. Sawa. Ila hebu tufungue mkataba wa uzoaji taka wa halmashauri ya jiji tusome kipengele cha malipo. Utakuta moja kati ya mambo mawili. Ama halmashauri inakusanya ada na kumlipa mzabuni kwa tani iliyopimwa getini dampo, ama mzabuni anapewa mtaa, anakusanya ada mwenyewe nyumba kwa nyumba na kuipa halmashauri fungu lake.

Kwa mtindo wa kwanza, kila kilo ya chupa au maganda inayochomolewa kabla ya mizani inamkata mzabuni mapato. Atatenganisha ili iweje? Kwa mtindo wa pili anaumia kwa dizeli, kwa hiyo angependa mzigo upungue, lakini njia ya mkato ya kuupunguza ni kuumwaga korongoni saa nane usiku.

Nasema tatizo si tabia ya mwananchi. Tatizo ni karatasi iliyoandikwa na ofisi ya umma. Pingeni.

#2 Katambuga

Nimevuta kiti, chai iko mezani. Endeleeni.

#3 AfisaAsiyeNaGari

Mleta mada umesema kweli nusu. Tani haikuwekwa kwa bahati mbaya. Kabla ya mizani watu walikuwa wanalipwa kwa safari, na lori linaingia nusu tupu, karani anaweka tiki. Mizani ilikuja kuziba hapo.

Sasa ukiondoa tani utamlipa kwa kipimo gani? "Kaya zilizohudumiwa"? Hiyo si hati, ni kauli ya mwenyekiti wa mtaa. Mkaguzi wa CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) akifika anataka karatasi yenye namba ya gari, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, saa na sahihi. Huna hiyo, unaandikiwa hoja ya ukaguzi na kuijibu ni wewe, si mwanaharakati wa mazingira.

Na msidhani tani ina uaminifu. Mchanga wa mitaroni unachanganywa humo humo, kifusi kinawekwa chini taka juu, na masika lori lisilo na turubai linalipwa mpaka maji ya mvua.

#4 KaratasiYaMizani

#3 nakubali, hati ni lazima. Ndiyo maana sisemi tuondoe mizani, nasema ziwe mbili. Moja dampo, moja kituo cha kuchambulia. Mkataba useme hivi: kukusanya kunalipwa bei moja kwa tani bila kujali mzigo umeishia wapi. Tani iliyoishia kwa mnunuzi wa malighafi au kwenye mboji inalipwa na nyongeza inayotokana na dizeli na nafasi ya dampo iliyookolewa. Ushahidi ni karatasi mbili zinazolingana: uzito wa kutoka kituoni na uzito wa kupokelewa kwa mnunuzi, tofauti isizidi asilimia mbili tatu za unyevu. Hapo mkaguzi ana cha kushika.

#5 BaloLaPET

Karatasi zinazolingana hutengenezwa mkuu, usiwe mgeni. Balo moja, yaani robota la chupa zilizobanwa, linaweza kupimwa vituo viwili siku moja likalipwa mara mbili. Dawa yake ni ndogo: kila balo lina lebo yenye namba, lebo inakatwa mbele ya mpokeaji na kubaki kwenye jalada. Ikikosekana, hakuna malipo.

Ila nyote mnaruka kitu kikubwa zaidi, ujazo. Chupa za PET, plastiki ile ya maji na soda, zisipobanwa ni kilo 20 hadi 30 kwa mita moja ya ujazo. Lori la mita 20 za ujazo linabeba kilo 500 hivi, yaani unasafirisha hewa. Ukizibana, mita hiyo hiyo inafika kilo 200 hadi 300, lori lile lile linabeba tani 4 na zaidi. Kwa hiyo bila mashine ya kubana iliyo karibu, dizeli inakula bei yote na muokotaji anapewa kilichobaki.

Kazi ya halmashauri hapo si semina. Ni kutenga kiwanja cha kama mita 20 kwa 30 kila kata au kila kata mbili, sakafu ya zege yenye mteremko, paa, mtaro unaoingia kwenye shimo la kutuamisha, na umeme wa fezi tatu, ule wa kuendesha mashine kubwa. Huo wa fezi tatu ndio huwa unasahauliwa. Mashine inafika kwa mbwembwe, utepe unakatwa, nguzo iliyopo ina fezi moja. Miezi sita baadaye kuku wanataga juu yake.

#6 Mpigadebe77

Hahaha, kuku wa kisasa hao, wanaishi kwenye uchumi wa mzunguko.

#7 Mbolea_Soko

Wadau wa plastiki mna kelele kuliko mzigo wenu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu kwa uzito ni mabaki ya chakula na majani. Huo ndio mzigo unaojaza dampo, unaonuka, unaotoa majimaji meusi na gesi ya methani. Nenda soko la ndizi Mabibo, Dar es Salaam, asubuhi uone.

Kinondoni walishaanza, kile kiwanda cha mboji cha Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, uwezo uliotajwa ni tani 50 kwa siku. Wazo zuri hasa kwa sababu lilianzia masokoni, ambako taka zinatoka karibu safi. Ukianzia majumbani utapata pampasi na betri ndani ya maganda.

Kwa wasiojua kazi yenyewe: rundo liwe na upana wa mita 2 hadi 2.5 na kimo cha mita 1.5. Chini ya hapo halishiki joto, juu ya hapo hewa haifiki katikati. Kaboni kwa naitrojeni iwe kama 25 au 30 kwa 1. Taka za soko peke yake ni mbichi mno, ongeza maranda, majani makavu au pumba, ndoo 1 au 2 kwa kila 3 za soko. Mikungu ya ndizi ikatwekatwe, la sivyo utaikuta nzima baada ya miezi mitatu. Unyevu: kamua kiganjani, yatoke matone mawili, usitiririke mto. Joto lifike nyuzi 55 na likae juu ya hapo siku 15, rundo likiwa limegeuzwa angalau mara 5, ndipo vijidudu na mbegu za magugu vinakufa. Likinuka kama yai bovu, limekosa hewa: geuza, ongeza maranda. Tani 10 zitakupa kama tani 3 au 4.

Na hapo ndipo serikali inapotakiwa, kwa sababu hizo tani 3 hazina mnunuzi.

#8 Katambuga

#7 hazina mnunuzi vipi wakati wakulima wanalia mbolea kila msimu?

#9 Mbolea_Soko

Piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Mboji nzuri ina asilimia 1 hadi 1.5 ikiwa kavu. Kupata kilo 23 hizo unahitaji karibu tani 2, na msimu wa kwanza mmea unapata sehemu ndogo tu, nyingine inaachiwa polepole. Nani atasafirisha tani 2 kutoka Mabwepande hadi Kilosa badala ya mfuko mmoja? Mboji si mshindani wa urea, ni ya kurudisha uhai wa udongo. Soko lake liko karibu: vitalu vya miche, bustani, kingo za barabara mpya, viwanja vya shule. Na karibu vyote hivyo mnunuzi wake ni taasisi ya umma. Halmashauri inalipa mkandarasi alete "udongo mweusi" wa bustani, anauchimba bondeni, huku mboji ya halmashauri hiyo hiyo imelala.

Jambo jingine, ukitaka kuiuza kama mbolea lazima isajiliwe na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Usajili unataka vipimo vinavyofanana toleo hadi toleo. Taka zisizotenganishwa hazikupi hata matoleo mawili yanayofanana, na kipande kimoja cha chupa ya kioo kikimkata mkulima, huyo harudi tena.

#10 JuaKaliKamukunji

Habari zenu, niongee upande wa Kenya. Sisi sheria tunayo: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Inataka kutenganisha taka pale zinapozalishwa, inataka kaunti zianzishe vituo vya kuchambulia, na inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake ikishatumika. Kanuni za huo wajibu wa mzalishaji zikatoka 2024.

Shida ni kwamba Katiba ya 2010 ilikabidhi uzoaji na madampo kwa kaunti, lakini ada ya mzalishaji inakusanywa kitaifa. Pesa iko juu, taka ziko chini. Mwenye gari la taka ni kaunti, mwenye pesa ni asasi ya wenye viwanda, na NEMA, mamlaka ya mazingira, anasimama kati na rungu. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Dampo la Dandora, Nairobi, bado linapokea.

#11 Mpigadebe77

Si ndio hao Tanzania tuliowaiga 2017 kupiga marufuku mifuko ya plastiki?

#12 BiMtumwa_Unguja

#11 tia adabu kwenye tarehe mwanangu. 2017 ni Kenya, tarehe 28 Agosti. Bara ni tarehe 1 Juni 2019. Rwanda walitangulia 2008. Na Zanzibar tulikuwa tushakataza 2006, ila hakuna anayetutaja, tumezoea.

#13 Mpigadebe77

Shikamoo bibi, nimerudi darasani.

#14 BiMtumwa_Unguja

Marahaba. Na nikuongeze: ile mifuko mbadala inayoitwa ya kitambaa si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki vile vile, nyuzi zake zimegandishwa kwa joto. Ndiyo maana Bara wakaweka kiwango cha chini cha uzito, gramu 70 kwa mita ya mraba, ili irudiwe kutumika. Ikiwa nyepesi kuliko hapo inachanika safari ya pili na unabaki na takataka ile ile yenye jina jipya. Kisha vikaja vile vifungashio vya karanga na ubuyu, watu wakavigeuza mifuko ya kubebea sokoni, serikali ikabidi ivikataze navyo 2021. Kukataza ni rahisi kuliko kupima. Nani anakwenda sokoni na mizani ya gramu?

#15 Msoma_Zabuni

Naona mnazunguka mbuyu. Kazi kubwa ya utawala wa umma katika jambo hili ni UNUNUZI. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote. Fungua nyaraka sanifu za zabuni, masharti ya jumla, kipengele cha dhamana: bidhaa ziwe "mpya, zisizotumika, za toleo la sasa". Sentensi hiyo moja inafukuza matofali ya plastiki, viti vya plastiki iliyorejelezwa, kompyuta zilizokarabatiwa, matairi yaliyovishwa upya. Unahubiri mzunguko huku kalamu yako inadai kipya.

#16 AfisaAsiyeNaGari

#15 hapo umechanganya. "Mpya" inahusu bidhaa, haihusu malighafi. Kiti kilichotengenezwa jana kwa plastiki iliyorejelezwa ni kiti kipya, hakuna bodi ya zabuni itakayokikataa kwa kipengele hicho. Vinavyofukuzwa kweli ni vilivyokarabatiwa: kompyuta, samani, tairi la kuvishwa. Na hata hapo masharti maalumu ya mkataba yanaweza kusema vinginevyo, ofisa ununuzi anaogopa tu.

Kinachokwamisha matofali ya plastiki ni kingine. BOQ, yaani jedwali la kazi na vipimo vya mradi, inasema tofali la zege la kutandaza, unene milimita 60 au 80, nguvu kadhaa kwa milimita ya mraba. Tofali la plastiki na mchanga halipimwi kwa namba hizo: halipasuki, linapinda, na juani linalainika. Bila kiwango chake chenyewe, mhandisi hana pa kuweka sahihi. Barabara ikititia, jina lake ndilo liko pale.

#17 Msoma_Zabuni

Nimekusoma, narekebisha: kipya ni bidhaa. Lakini hitimisho langu liko pale pale. Kama hakuna kiwango, kukiandika ni kazi ya nani kama si ya ofisi ya umma? Tena sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, na halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Unamkopesha kijana mashine ya matofali kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto BOQ yako haina mstari wa kuyanunua. Mkopo utarudije?

#18 Katambuga

Mimi nauliza kwa heshima: hizi katambuga za tairi tulizovaa tangu enzi za babu, mbona hakuna aliyetuletea mkakati wa kitaifa? Mtumba nao je? Fundi redio? Kreti ya soda? Mzunguko ulikuwepo kabla ya semina.

#19 BaloLaPET

#18 utani wako una ukweli. Chupa ya kioo ya soda ilirudi kiwandani miaka na miaka. Ukienda dukani bila chupa tupu unaacha hela ya chupa. Hakukuwa na afisa wala kampeni, kulikuwa na hela. Plastiki ilipoingia, hela ya chupa ikafa na gharama ya kuokota ikahamia kwa halmashauri kimya kimya. Serikali ilichokosea ni kutoiona ile siku gharama ilipohama.

#20 Ughaibuni_Baridi

Kwa kukazia #19: Lithuania waliirudisha kwa sheria mwaka 2016, senti 10 za yuro kwa kila chupa ya plastiki, kioo au kopo. Kabla ya hapo zilizokuwa zinarudi ni kama theluthi. Mwisho wa mwaka wa pili zikapita asilimia 90. Mfumo unaendeshwa na kampuni ya wazalishaji na wauzaji wenyewe, serikali imeandika sheria, lengo na faini tu. Duka kubwa lina mashine, duka dogo linapokea kwa mkono.

#21 JuaKaliKamukunji

Huko kila chupa ina msimbo unaosomwa na mashine, na soda nyingi inapita maduka makubwa. Hapa inapita kwa mama wa kioski na machinga wa stendi. Nani atamlipa mama wa kioski nafasi ya kuweka magunia ya chupa tupu kwenye kibanda cha mita mbili? Hela ya chupa ya kioo ilifanya kazi kwa sababu gari lililoleta kreti iliyojaa liliondoka na kreti tupu. PET haina kreti. Halafu ukiweka hela ya chupa nchi moja tu, Namanga, Sirari na Holili watakuonyesha hesabu: chupa zitavuka mpaka kuja kulipwa.

#22 Kodi_na_Maisha

Hakuna aliyegusa kodi. Mrejelezaji aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) Tanzania anatoza asilimia 18 akiuza. Ananunua kwa waokota makopo wasiosajiliwa, kwa hiyo hana VAT ya manunuzi ya kudai. Mwenzake anayeagiza chembechembe mpya za plastiki analipa VAT bandarini na kuidai yote. Zaidi ya hapo, manunuzi yasiyo na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yanakataliwa kama gharama kwenye kodi ya mapato. Muokota makopo ana EFD? Basi mrejelezaji anaonekana amepata faida ambayo hakuipata.

#23 Msoma_Zabuni

Suala la EFD sawa. La VAT hapana. Aliyenunua kwa shilingi 500 bila VAT hajalipa VAT yoyote, atadai nini? VAT ni ya thamani iliyoongezwa, na yeye kaongeza nyingi. Anayeagiza anadai kwa sababu alilipa.

#24 Kodi_na_Maisha

Ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini plastiki ile ilishatozwa VAT kamili kwa mlaji wa mwisho ilipouzwa mara ya kwanza. Inarudi sokoni, inatozwa upya tangu sifuri. Malighafi moja kodi mara mbili, na mara ya pili inaangukia bei ya muokotaji. Dawa ipo: hati ya ununuzi anayoandika mnunuzi mwenyewe, ikiwa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya muuzaji, uzito na bei, itambuliwe badala ya EFD.

#25 Mpigadebe77

Mkimwomba muokota makopo NIDA atawaambia kitambulisho kimeokotwa na mwenzake.

#26 AfisaAsiyeNaGari

Mnapojadili mzunguko tazameni pia nyuma ya ofisi zenyewe. Kila ofisi ya umma ina rundo: magari yamesimama juu ya mawe, meza, printa, betri za UPS. Kuviondoa kunataka orodha, timu ya ukaguzi, tathmini, kibali cha kufuta, ndipo mnada. Hatua zote zina maana, zinazuia mtu kujiuzia gari zima kwa bei ya chuma. Lakini muda unavyokwenda, gari linalofaa kuuzwa likitembea linakuja kuuzwa kwa kilo. Betri zinavuja asidi sakafuni, waya za shaba zimeshachunwa, tairi zimepasuka kwa jua.

Kingefanya kazi: kutenga betri, wino na vifaa vya umeme viondoke kila robo mwaka kwa mnunuzi mwenye kibali, bila kungoja gari na meza. Vinawekwa orodha moja na vyote vinangoja kilicho kizito.

#27 KaratasiYaMizani

Turudi kwenye mada kabla mods hawajafunga. Mpaka hapa: #5 anasema ujazo na umeme, #7 anasema soko la mboji, #10 pesa na taka ziko ngazi tofauti, #15 ununuzi, #19 hela ya chupa, #22 kodi. Bado nasema vyote vinapita kwenye mkataba. Kwa mfano #5, nani atalipa umeme wa luku wa mashine kama mkataba hauna mstari huo?

#28 BaloLaPET

Na mimi nasema mkataba mzuri bila bei ya PET ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mafuta ghafi yakishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi kuliko iliyorejelezwa, mnunuzi anapiga simu "msilete kwanza". Balo zinakaa juani, PET inapauka na kuwa na thamani ndogo zaidi. Mkataba wako utasema nini siku hiyo?

#29 KaratasiYaMizani

Utasema nyongeza ya kuokoa dampo inabaki hata bei ikishuka, kwa sababu dampo limeokolewa vile vile.

#30 AfisaAsiyeNaGari

Ila #4 ulisema nyongeza inalipwa kwa karatasi ya mnunuzi. Mnunuzi amesema msilete. Karatasi inatoka wapi?

#31 Katambuga

Chai imepoa. Naomba mwenye chupa atie nyingine, hela ya chupa ninayo.

#32 KaratasiYaMizani

#30 umenibana. Labda balo likaguliwe na kupigwa lebo likiwa bado kituoni, nusu ya nyongeza ilipwe hapo, nusu likiondoka. Lakini basi kituo kiwe na ghala lenye paa la miezi mitatu, na #5 alisema mita 20 kwa 30. Haitoshi hiyo, au?

#33 BaloLaPET

Haitoshi. Kituo cha tani 1 kwa siku ni tani 90 kwa miezi mitatu. Kwa kilo 250 kwa mita ya ujazo ni mita 360 za ujazo. Ukizipanga kimo cha mita 2.5 unahitaji mita za mraba 144, ongeza njia za toroli ufike 200 na zaidi. Theluthi ya kiwanja imekwenda kabla hujaweka meza ya kuchambulia. Na uweke nafasi kati ya mirundo, balo zikishika moto haziulizi mkataba.